Mama alianika sampuli zangu za udongo kwenye vichanja vya kahawa, maabara ikasema mlima wetu ni mchanga

Wakuu, heshima kwenu nyote, wa mlimani na wa tambarare.

Nimesoma humu nyuzi nyingi za watu waliojenga kuta zikapasuka, na wengine waliouziwa viwanja vya matope, nikaona nami nilete changu. Sijaongeza chumvi. Anayetoka upande wa Uru, Moshi, atanitambua kabla hajafika katikati, na sioni tatizo.

Ni miaka ya tisini, wakati wanunuzi binafsi wa kahawa walipoanza kupanda mlimani na pickup zao.

Kwanza mnijue. Mimi sikusomeshwa na mtu. Nilianza kwa kupakia ndizi sokoni Moshi mjini, nikapata njia ya kutoka, nikazunguka, nikaishia kusini kabisa mwa Japani. Mchana navuna chai, jioni niko darasani. Diploma yangu ya uchunguzi wa udongo niliipata kwa Kijapani. Someni tena hapo, kwa Kijapani. Wapo wenye degree za Kiswanglishi ambao hawawezi hata kuagiza wali kwa lugha hiyo.

Wenzangu waliotoka nje walirudi na magari ya saluni. Mimi nilirudi na auger, ile kekee ndefu ya kuchimbulia udongo, na buti mbili nzuri.

Baba mdogo Silvesta, mdogo wake marehemu baba, aliponiona naishusha kwenye gari alicheka mpaka akashika mgomba.

"Deo, yaani umevuka bahari zote hizo kwenda kusomea matope? Matope si tunayo hapa bure?"

Nikamwambia, "Baba mdogo, shikamoo kwanza."

"Marahaba, mangi wa matope."

Mangi kwetu ni chifu, na jina likaganda hapohapo. Sikujali. Nilijua ninachokijua.

Hapa niwape somo kidogo, maana bila hilo kisa hakitaeleweka.

Kule nilikosoma ni nchi ya joto, mvua nyingi, na milima ya moto iliyomwaga majivu kwa maelfu ya miaka. Majivu yale yakilowa na kuoza yanazaa udongo mweusi, mwepesi, laini. Wenyewe wanauita kuroboku. Siku ya kwanza mwalimu aliponiwekea bonge mkononi nilishtuka, kwa sababu nilikuwa nimeshika kihamba cha mama yangu, lile shamba la nyumbani la migomba na kahawa. Rangi ile, harufu ile, ulaini uleule.

Kitaalamu unaitwa andosol, na jina lenyewe limetoka kwenye maneno ya Kijapani ya udongo mweusi. Lakini huuainishi kwa rangi peke yake. Unaangalia uzito wake, unaangalia jinsi unavyoing'ang'ania mbolea ya fosfeti bila kuiachia, unaudondoshea dawa fulani kwenye karatasi uone kama itageuka nyekundu.

Halafu kuna vidole. Chukua bonge bichi ulibane. Limekaa imara. Sasa lisugue kati ya kidole gumba na cha shahada. Ghafla linateleza kama sabuni na kutoa maji. Liache litulie, linashikana tena kama vile hukulifanya kitu.

Udongo huu ukiachwa na utulivu wake, ukuta wake husimama wima miaka mingi. Ukiuchokoza, unageuka uji.

Turudi Uru.

Wakati ule shida yetu kubwa ilikuwa maji. Mifereji ya wazee ilikuwa imeharibika huko juu, na wanawake walikuwa wanateremka korongoni na ndoo, wanapanda nazo ule mwinuko kichwani. Mama yangu, Mama Deo, alikuwa mjumbe wa kamati ya maji. Alizunguka nyumba kwa nyumba kuhamasisha watu mpaka wafadhili fulani wakakubali kutujengea tangi la zege.

Mahali palishachaguliwa. Ni mteremko ulio juu ya nyumba ya mama, kwa sababu pako juu na maji yangeshuka yenyewe kwenye mabomba. Chini yake ni migomba ya mama, kahawa yake, kisha jiko lake.

Wafadhili wakataka udongo wa pale uainishwe kabla ya zege kumwagwa. Sasa niambieni, mlima mzima kulikuwa na nani mwingine? Kazi ikaja kwangu.

Nikachimba shimo la urefu wa mtu, kuta zimenyooka, ili nisome tabaka. Mama alipolichungulia hakulipenda. Kwetu shimo la namna ile kwenye kihamba lina kazi moja tu, kuzika. Akakata mgomba, akautumbukiza ndani.

"Shimo halilali wazi bure," akasema. "Lisije likaita mtu."

Nikafanya kazi yangu nikiuruka ule mgomba. Tabaka nyeusi, chini yake ya kahawia, chini yake nyeusi nyingine ya majivu ya zamani zaidi. Nikadondosha dawa, karatasi ikawa nyekundu palepale. Nikasugua, maji yakachuruzika mkononi. Andosol ya vitabuni, imelowa mpaka ndani. Moyoni nikajua hapa hapafai kubeba zigo la tangi. Ila injinia wa mradi asingekubali vidole vyangu, alitaka namba za maabara.

Nikafunga sampuli kwenye mifuko ya plastiki, mbichi kama zilivyotoka. Hiyo ndiyo kanuni ya udongo huu. Kabla sijazisafirisha nikaitwa haraka Chekereni, kule kwenye mashamba ya mpunga, kuna eneo lilikuwa limeanza kuota chumvi. Nikamwambia mama mifuko iteremke na pickup ya ndizi mpaka ofisi ya mradi mjini, wao wataipeleka maabara. Nikaondoka.

Niliporudi wiki kadhaa baadaye kwenye chumba changu cha kupanga Njoro, nikakuta ujumbe kwamba kazi ya tangi imeanza.

Nikapanda mlimani mbio. Nakuta katapila limeshakata hatua pana kama ngazi kwenye mteremko, saruji imepangwa, mashine ya kushindilia iko pembeni. Wanawake wanaimba. Mama yuko katikati yao na khanga mpya.

Injinia alikuwa kijana wa Dar, mpole tu, si mtu wa dharau. Akanipa mkono.

"Bwana Deo, hongera, ripoti yako imetusaidia sana. Maabara wamesema udongo ni wa kichanga, unapitisha maji vizuri. Tunashindilia, tunamwaga."

Nikadhani ananitania. Nikaomba ile karatasi ya matokeo.

Wakuu, ilikuwa namba ya shimo langu, kina nilichokiandika, na jina langu kama mchukua sampuli. Na imeandikwa kichanga.

Mtu aliyepata diploma kwa Kijapani, jina lake liko chini ya karatasi inayosema Kilimanjaro upande wa Uru ni mchanga. Na juu ya karatasi hiyo linawekwa tangi, na chini ya tangi anapika mama yangu.

Nikasema, "Hii si kweli. Udongo huu nimeusugua kwa vidole vyangu. Simamisha mashine."

Injinia akaangalia watu, akatabasamu kwa aibu. "Bwana Deo, mimi nina karatasi ya maabara. Wewe una vidole."

Watu wakacheka. Baba mdogo Silvesta ndiye aliyecheka zaidi. "Mangi wa matope ameishiwa matope."

Kwa bahati mvua ikashuka, wakaahirisha mpaka kesho yake asubuhi.

Nikateremka kwa mama nikiwa sijui hata nawaza nini. Nikapita kwenye vichanja, zile meza za wavu tunazoanikia kahawa. Msimu ulikuwa umekwisha, vilikuwa vitupu. Isipokuwa kimoja. Kwenye kona yake palikuwa na kirundo kidogo cheusi chini ya kipande cha bati.

Nikakishika. Punje kavu, zinakwaruza.

"Mama, hiki nini?"

"Si ule udongo wako. Ulibaki kidogo."

"Nani aliuanika?"

"Mimi." Wala hakugeuka, anamenya ndizi. "Ulikuwa umelowa chapachapa, mifuko inatoa jasho. Nikasema mwanangu ameharakia Chekereni, amesahau."

"Nimesahau nini?"

"Kuanika. Deo, wewe umezaliwa kwenye kahawa. Umeona wapi mtu anapeleka mali mbichi kwenye mzani? Karani anaitazama tu anakurudishia. Nikasema wakiupima hivi tutapewa gredi ya mwisho, na tangi tutalikosa."

Nikakaa chini kwenye kigoda.

"Nikaugeuza kila jua lilipotoka," akaendelea, na alikuwa anasema kwa fahari. "Nikachambua mizizi, nikatoa vijiwe. Nikaupepeta. Ukawa msafi kabisa. Ndipo nikaurudisha kila mmoja kwenye mfuko wake, sikuchanganya hata mmoja."

Wakuu, nimefundishwa na maprofesa. Hakuna aliyewahi kunitahadharisha kwamba sampuli zinaweza kupepetwa kwenye ungo.

Kwa wasiofahamu: chembe za udongo huu ni ndogo mno, zimeshika maji ndani yake kama sifongo. Zikikauka kabisa zinagandamana, zinakuwa punje ngumu kama mchanga. Ukizirudishia maji hazirudi kamwe zilivyokuwa. Maabara hawakukosea. Walipima walichopelekewa.

Nikachota ule mkavu, nikaumwagia maji kwenye kiganja cha mama. Akausugua. Ukakwaruza. Nikaenda kumletea bonge bichi kutoka chini ya migomba. Akalisugua, likateleza, maji yakamchuruzikia mpaka kwenye kiwiko.

Akavitazama viganja vyake viwili.

"Huu wa jua umekufa," akasema.

"Umekufa. Na ule ulio hai ndio uko kule juu, mama. Ile mashine ya kushindilia inatikisa. Ikiutikisa, unakuja hapa jikoni. Usipokuja kesho, utakuja tangi likijaa."

"Kwa hiyo tangi hakuna."

"Si hapo."

"Nikisema ni mimi, wenzangu wanarudi korongoni."

Akarudi kwenye ndizi zake. Aliendelea kumenya hata baada ya sufuria kujaa.

Asubuhi watu wote walikuwa juu kule. Sikutaka kumtaja mama. Nilipanga nishinde kwa utaalamu peke yake, na ninajiamini kwa hilo.

Nikakata bonge kutoka kwenye ukuta mpya wa katapila, nikampa injinia. "Nikopeshe vidole vyako."

Akabana. Likakaa imara. Akanitazama kama vile ameshinda.

"Sugua sasa."

Akasugua. Mara akaacha, akakitazama kiganja. Maji yalikuwa yanadondoka kwenye kiatu chake. Akasugua tena, taratibu, kama mtu ambaye hataki kuamini. Kwa kweli sura yake ilibadilika, na hapo nilimheshimu. Kuna wengine wangefuta mkono kwenye suruali na kuendelea.

Akasema, "Sasa kwa nini maabara wamesema mchanga?"

Jibu lingemtaja mama. Bila jibu la swali lile nilikuwa na kiinimacho tu.

"Ni mimi niliyeuanika."

Watu wakageuka. Mama alikuwa amesimama nyuma, khanga ileile mpya.

"Niliuanika kwenye vichanja kama kahawa, ili tupate gredi nzuri. Mwanangu hakuwepo, hakujua. Udongo huu ukianikwa unageuka kitu kingine. Nimeuona jana kwa mikono yangu. Ile karatasi inasema habari ya vichanja vyangu, haisemi habari ya mahali hapa."

Halafu Mama Flora, jirani yetu, mjumbe mwenzake wa kamati, akajitokeza mbele.

"Mama Deo, nyumba yako ndiyo iko hapo chini. Sema tu hutaki tangi juu ya paa lako. Mtoto amekupangia maneno."

Wengine wakaguna kumuunga mkono. Nilitaka kuingilia, mama akaniwekea mkono.

"Ndiyo, nyumba yangu iko hapo chini," akasema. "Na shingo yangu iko chini ya ndoo kama yako, Mama Flora. Ningetaka kudanganya, ningetafuta uongo wa kuniletea maji."

Injinia akawaza. Akasema tutajaribu mahali padogo, ncha ya ile hatua, kabla ya kuamua. Akaagiza watu wote waliokuwa chini wapandishwe, hata mbuzi. Baba mdogo Silvesta akateremka mwenyewe kuwafungulia, huku anasema tunapoteza muda.

Mashine ikawashwa.

Mwanzo hapakuwa na kitu. Inatikisika, ardhi imetulia, na nikaanza kusikia watu wanacheka chini chini nyuma yangu.

Kisha ardhi ikaanza kung'aa.

Sina neno jingine. Udongo ulikuwa mweusi wa kawaida, ukawa unang'aa kama uso wa uji unapokaribia kuchemka. Mwendeshaji akaona miguu yake inazama, akaiacha mashine na kuruka. Ilikuwa bado inanguruma. Ukuta uliokatwa na katapila ukatoa tumbo taratibu, kama mtu anavyovuta pumzi. Halafu ukakaa chini. Haukuporomoka kwa kishindo. Ulikaa tu, ukaanza kutembea.

Nilikuwa najua litakalotokea. Nimelisomea, nimelifanyia mtihani. Na bado nilisimama pale mdomo wazi kama mtu ambaye hajawahi kuliona tope.

Ukaingia kwenye migomba, migomba ikalala kimyakimya. Ukaingia kwenye kahawa, safu kwa safu, miti aliyoipanda baba kabla sijazaliwa. Ukafika ukuta wa jiko, ukausukuma, ukuta ukapinda. Hapo ukatulia, ukashikana tena, ukawa ardhi.

Kumbukeni hiyo ilikuwa ncha tu. Hapakuwa na zege juu yake, hapakuwa na tangi lenye maji.

Hakuna aliyelia. Baba mdogo Silvesta alikuwa ameshika kamba ya mbuzi. Akaniangalia, akaniita Deo. Hakuniita mangi wa matope tena mpaka Mungu alipomchukua, na siku nyingine nilitamani aniite.

Injinia akaketi juu ya mfuko wa saruji. Akasema polepole, "Ningeondoka Jumamosi." Alimaanisha angemaliza, angerudi Dar, na lingetokea akiwa hayupo.

Tangi lilikuja kujengwa ng'ambo, kwenye mgongo wa mwamba ambao niliuchagua mimi mwenyewe, na bado limesimama. Lakini lilichelewa. Mipango ikaanza upya, mabomba yakawa marefu zaidi. Muda wote huo wanawake walirudi korongoni na ndoo, mama akiwemo. Wapo waliokataa kumwitikia salamu njiani. Alikuwa anawasalimia hivyo hivyo.

Ninachotaka mkijue ni kilichotokea alasiri ya siku ileile.

Mama alichukua jembe, akaingia kwenye kahawa yake iliyofunikwa, akaanza kufukua peke yake. Mimi nilikuwa naandika vipimo na injinia. Nikasikia jembe la pili. Nikageuka, ni Mama Flora, sketi ameikunja magotini, anafukua shina la mbuni wa pembeni.

Mama akamwambia, "Aika, mama."

Mama Flora hakuinua kichwa.

"Usinishukuru. Nimekukasirikia na nitaendelea. Lakini mbuni haukuanika udongo."

Wakaendelea kufukua. Wengine wakaja. Jua lilipoelekea kuzama walikuwa wameshatoa safu nzima, na hakuna aliyemsamehe mwenzake kwa maneno.

Funzo langu, wakuu. Karatasi ya maabara husema kweli juu ya kilichofika maabara, haijui kilichobaki mlimani. Ukichukua sampuli kwenye udongo wa majivu ya volkano ipeleke mbichi, imefungwa, na ukimwachia mtu mwingine mwambie na sababu yake, hata kama ni mama yako na una haraka. Na yeyote anayetaka kukata mteremko mlimani kwa mashine, asugue bonge kwanza. Vidole havidai ada.

Wale wa Rungwe, Tukuyu, Arumeru na kwingine kwenye majivu kama yetu: udongo wenu unatoa maji ukiusugua? Mmewahi kuuona ukitembea? Nasubiri kusoma yenu, na wenye degree pia mnakaribishwa.